Vita vya Panzi: Kinachotokea Jukwaani Watia Nia Kumi Wanapokutana

Usiku wa tarehe 6 Februari 2016, katika Chuo cha Saint Anselm jimboni New Hampshire, watu saba walisimama kwenye jukwaa moja, kila mmoja akitaka chama cha Republican kimteue kuwania urais wa Marekani. Siku tano zilizotangulia, Marco Rubio, seneta kijana wa Florida, alikuwa ameshika nafasi ya tatu katika kura za ndani ya chama jimboni Iowa, akiachwa na Donald Trump kwa asilimia moja na ushei tu. Wengi ndani ya chama walishaanza kumwona kuwa ndiye atakayemzuia Trump. Kati ya wale saba alikuwamo pia Chris Christie, Gavana wa New Jersey, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka. Huko Iowa, Christie hakufikisha hata kura mbili katika kila mia.

Christie akamgeukia Rubio na kumwambia hajawahi kubeba dhamana ya uongozi, kazi yake ni kukariri hotuba. Rubio akajibu kwa sentensi aliyoizoea: watu waache kudhani kwamba Barack Obama hajui anachofanya, kwa kuwa anajua vizuri sana. Muda mfupi baadaye akaisema tena. Christie akawageukia watazamaji: ndiyo hiyo, hotuba ya sekunde 25 aliyoikariri. Hapo mtu yeyote angebadili njia. Rubio akairudia mara nyingine, karibu neno kwa neno.

Kwa kipimo cha mdahalo tuliofundishwa shuleni, ule wa watetezi na wapingaji, Christie alishinda bila ubishi. Lakini tazama kilichofuata. Siku tatu baadaye wananchi wa New Hampshire walipiga kura. Rubio alianguka hadi nafasi ya tano. Christie, mshindi wetu, alikuwa wa sita, na kesho yake akajitoa. Aliyeongoza ni Trump, kwa asilimia 35, na wa pili alikuwa John Kasich wa Ohio. Wote wawili walikuwapo jukwaani wakati wenzao wanararuana, na hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kuinua ngumi.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Sijapata maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo kuhusu mdahalo wa watu wengi. Wagombea wakiwa wawili, nikikuangusha wewe nimejiinua mimi. Kura inayokutoka haina pa kwenda ila kwangu. Wakiwa saba, kumi au kumi na wawili, hesabu hiyo inavunjika. Mtu aliyekata tamaa na Rubio alikuwa na milango mingine sita ya kubisha, na mara nyingi mlango wa mwisho kumjia akilini ni wa yule aliyemwona ameshika kisu.

Miaka minne baadaye ikawa vilevile upande wa Democratic. Tarehe 19 Februari 2020, Las Vegas, Michael Bloomberg alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, tajiri aliyekuwa amekwisha kutumia mamia ya mamilioni ya dola zake mwenyewe kwenye matangazo. Elizabeth Warren, seneta wa Massachusetts aliyekuwa naye akiwania, alimshambulia tangu dakika za mwanzo, hasa kuhusu mikataba iliyowazuia wanawake waliofanya kazi kwenye kampuni yake kusema yaliyowapata. Bloomberg alikosa jibu. Katika siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, tarehe 3 Machi, aliambulia ushindi katika visiwa vya American Samoa peke yake, na kesho yake akaondoka. Na Warren? Alikuwa wa tatu katika Massachusetts, jimbo lake mwenyewe, akajitoa tarehe 5 Machi. Aliyeshinda Massachusetts ni Joe Biden, mtu ambaye usiku ule wa Las Vegas karibu hakuna aliyemzungumzia.

Kwa hiyo ukitazama mdahalo wa namna hii ukijiuliza nani kashinda hoja, unauliza swali la mchezo mwingine. Ili kuelewa mchezo wenyewe ni lazima turudi nyuma, tuone unatoka wapi na kanuni zake zinamfanyia nini mtu aliyesimama pale.

Kwa nini wawe wengi hivyo?

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Tanzania uchaguzi wa ndani ya chama tunauita kura za maoni, na Kenya husemwa mchujo. Kwa kuwa kura ya maoni ina maana nyingine tatu au nne kutegemea uko upande gani wa mpaka, hapa nitatumia kura za mchujo kwa ule uchaguzi wa ndani, na utafiti wa maoni kwa zile takwimu za nani anaongoza.

Wingi wa watia nia hauanzi wala kuishia Marekani. Mwaka 2015 waliochukua fomu za kuomba CCM iwateue kuwania urais walikuwa 42, na 38 wakazirudisha. Hao ni zaidi ya mara mbili ya wale 17 wa Republican waliojitokeza mwaka huohuo. Lakini wale 38 hawakusimamishwa mbele ya kamera kujibizana. Kamati Kuu iliwapunguza hadi watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu wa Dodoma ukamteua John Magufuli. Waliopaswa kushawishiwa walikuwa wajumbe wa vikao, na mjumbe wa kikao hashawishiwi kwa dakika moja ya televisheni.

Marekani nayo iliishi hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1968 Hubert Humphrey, aliyekuwa Makamu wa Rais, aliteuliwa na Democratic bila kushiriki kura ya mchujo hata moja. Hasira iliyozuka, pamoja na vurugu zilizotokea mitaani Chicago mkutano mkuu ukiendelea, ilikilazimisha chama kuandika upya taratibu zake. Kuanzia 1972 uamuzi ukahamia kwa wapiga kura wa kawaida, jimbo baada ya jimbo, na Republican nao wakaelekea huko. Mkuu wa chama akapoteza uwezo wa kumwambia mtia nia arudi nyumbani. Yeyote aliyeweza kukusanya fedha za miezi sita na kupata nafasi kwenye televisheni akawa mgombea, na mdahalo ukawa ndio kikao chenyewe.

Kabla ya hapo mdahalo wa ndani ya chama ulikuwa jambo la nadra, na sura yake ilikuwa nyingine kabisa. Mwezi Mei 1948, jimboni Oregon, Thomas Dewey na Harold Stassen, watia nia wa Republican, walijadiliana redioni kwa saa nzima juu ya swali moja: je, chama cha Kikomunisti kipigwe marufuku Marekani? Kila mmoja alipewa dakika 20 za kujenga hoja, kisha muda wa kuijibu ya mwenzake. Stassen alisema kipigwe marufuku. Dewey alikataa, akisema huwezi kulinda uhuru kwa kuharamisha fikra. Dewey alishinda Oregon na akapata uteuzi. Nikilinganisha na ninachokiona leo, dakika zile 20 zinanitia wivu.

Dakika moja ina ukubwa gani?

Chukua mdahalo wa saa mbili. Ondoa matangazo ya biashara, ondoa salamu na utambulisho, ondoa muda wa waulizaji wenyewe, kisha kilichobaki gawanya kwa kumi. Mjini Miami, Juni 2019, Democratic walikuwa na watia nia 20 waliofuzu, wakagawanywa kwa siku mbili, kumi Jumatano na kumi Alhamisi. Kila jibu lilipewa sekunde 60, na la ufafanuzi sekunde 30. Soma kwa sauti aya hii tangu mwanzo wake. Ukifika hapa nusu ya dakika yako imeshakwenda. Katika nusu iliyobaki unatakiwa uwe umeeleza utakavyolipia matibabu ya watu milioni 330, umetaja jina la mama yako au mji uliokulia ili watu wakukumbuke, na umemjibu mwenzako aliyekuchokoza. Haiwezekani. Kila mtia nia anajua haiwezekani, na kwa hiyo anachagua kimoja.

Wanaochagua kueleza sera husahauliwa. Nasema hivi kwa uchungu, lakini ndivyo nilivyoona mara baada ya mara. Jay Inslee, Gavana wa Washington, aliingia kwenye kinyang'anyiro kwa ajili ya jambo moja, mabadiliko ya tabianchi, na alikuwa na mipango iliyoandikwa kwa kina kuliko ya wenzake wote. Usiku ule wa kwanza wa Miami alizungumza kwa takriban dakika tano. Agosti alikwisha kujitoa, na baadhi ya mawazo yake yakabebwa na wengine.

Na dakika zenyewe hazigawanywi sawa. Mimbari hupangwa kwa utafiti wa maoni: anayeongoza katikati, anayemfuata kando yake, na walio chini huishia ukingoni. Kamera hukaa katikati. Maswali pia huelekea huko, kwa kuwa waandaaji wanajua watazamaji wamekuja kumwona nani. Usiku wa pili wa Miami, Biden alizungumza kwa zaidi ya dakika 13. Andrew Yang, mfanyabiashara, alipata kama dakika tatu. Sisi wa Afrika Mashariki tulioamka saa kumi alfajiri kutazama tulimwona Yang kama mtu anayepita dirishani.

Hapa ndipo inapoingia kanuni ya kutajwa jina. Katika midahalo mingi ya aina hii, mgombea akitajwa na mwenzake katika shambulio hupewa nafasi ya kujibu. Inaonekana ni haki ya kawaida kabisa, na ni haki. Lakini matokeo yake ni kwamba kila jiwe unalomrushia mtu ni zawadi ya sekunde 30. Mwaka 2015 karibu kila mtia nia wa Republican aliona njia ya kujitangaza ni kumtaja Trump, na kila walipomtaja alirudishiwa kipaza sauti. Mwaka 2023 mjini Milwaukee ikatokea hivyohivyo kwa Vivek Ramaswamy, mfanyabiashara ambaye hakuwahi kushika cheo chochote cha siasa. Mike Pence, aliyekuwa Makamu wa Rais, alimshambulia. Christie akamshambulia. Nikki Haley, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, akamwambia hana uzoefu wa mambo ya nje na inaonekana wazi. Mpaka mwisho wa usiku mgeni huyo alikuwa miongoni mwa waliosikika zaidi.

Mgombea mdogo aliye ukingoni yeye hatajwi na mtu. Kwake njia iliyobaki ni kumrushia jiwe mkubwa akiomba Mungu ajibiwe. Eric Swalwell, mbunge wa California, alijaribu Miami, akimkumbusha Biden maneno ambayo Biden mwenyewe aliyasema miaka 32 nyuma, kwamba ni wakati wa kupisha kizazi kipya. Biden akatabasamu, akasema bado ameushika mwenge wake. Siku 11 baadaye Swalwell alikuwa nje.

Mlango kabla ya jukwaa

Watu wengi huanza kutazama mdahalo pale taa zinapowaka. Mimi nadhani sehemu kubwa ya matokeo imeshaamuliwa kabla ya hapo, mlangoni.

Agosti 2015, Cleveland, kituo cha Fox kiliwaweka kumi waliokuwa juu kwenye utafiti wa maoni katika mdahalo wa usiku, na saba waliobaki wakajadiliana saa kumi na moja jioni katika ukumbi uleule ukiwa na viti vitupu. Ndani ya saba hao alikuwamo Rick Perry, aliyetawala Texas kwa miaka 14, na seneta Lindsey Graham. Carly Fiorina, aliyewahi kuongoza kampuni ya Hewlett-Packard, alizungumza vizuri mno jioni ile kiasi kwamba mwezi uliofuata alipandishwa jukwaa kubwa. Huko nako aling'ara. Trump alikuwa amemkejeli sura yake katika mahojiano. Alipoulizwa, Fiorina alisema tu kwamba anadhani wanawake nchi nzima wamesikia vizuri alichosema Bwana Trump. Sentensi moja, bila kupandisha sauti. Alipanda kwenye utafiti wa maoni, kisha akashuka wiki baada ya wiki, na Februari akajitoa.

Democratic walitaka kuepuka aibu ya kuwa na mdahalo wa wadogo kama ule wa Cleveland, ndiyo maana mwaka 2019 waligawa watu kwa bahati nasibu katika siku mbili. Lakini mlango wao ulikuwa na bei yake: asilimia moja katika tafiti tatu, au wachangiaji 65,000, wakiwamo angalau 200 katika kila moja ya majimbo 20. Baadaye kizingiti kikapandishwa hadi wachangiaji 130,000. Nia ilikuwa njema, kumpa mwananchi mwenye dola moja sauti ya kumwingiza mtu jukwaani. Kilichotokea ni kampeni kutumia fedha nyingi kwenye matangazo ya mtandaoni kumtafuta huyo mwenye dola moja. Mwaka 2023 Doug Burgum, gavana tajiri wa North Dakota, alikwenda mbali zaidi: aliyemchangia dola moja aliahidiwa kadi ya dola 20. Alifikisha idadi iliyotakiwa. Siku moja kabla ya mdahalo aliumia vibaya mguu akicheza mpira wa kikapu, akaja vilevile na kusimama muda wote. Mtu aliyegharimika hivyo ili aingie haondoki kwa ajili ya kifundo.

Wakenya wanaijua vita hii ya mlango. Mdahalo wa kwanza wa wagombea urais nchini humo, Februari 2013 katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, ulikuwa wa uchaguzi mkuu wala si wa ndani ya chama, lakini msongamano wake ulikuwa uleule. Waandaaji walipanga watu sita. Paul Muite, mgombea aliyeachwa nje, akaenda mahakamani, na mwishowe wakapanda wanane. Mmoja wa walioongezwa ni Mohamed Abduba Dida, mwalimu ambaye nchi ilikuwa haimjui. Alijibu maswali kwa mifano ya nyumbani na kwa utulivu, watu wakacheka, wakampenda. Siku ya kura alipata zaidi ya 52,000, akimpita Martha Karua aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria. Hazikumkaribisha hata kidogo na Uhuru Kenyatta aliyepata zaidi ya milioni sita. Hata hivyo, bila ule mlango kufunguka, nani angemjua Dida? Mwaka 2022 waandaaji wa Kenya waliwagawa wagombea kwa kipimo cha asilimia tano kwenye utafiti wa maoni. George Wajackoyah, aliyewekwa katika kundi la chini, alifika ukumbini akakataa kupanda, akitaka wote wanne wakae pamoja. Waihiga Mwaure akabaki kujibu maswali peke yake. Raila Odinga naye hakwenda, na William Ruto akasimama peke yake katika awamu ya pili. Nilimwelewa Wajackoyah. Kukaa kundi la chini ni kutangazwa umeshindwa kabla hujafungua mdomo.

Kosa linaloua na kosa linalosamehewa

Novemba 2011, jimboni Michigan, Perry huyohuyo wa Texas alisema akiwa rais atafuta wizara tatu za serikali kuu. Akataja ya biashara, akataja ya elimu, ya tatu ikamtoka. Akatafuta kwenye karatasi zake, wenzake wakamsaidia, akarudi mwanzo, na baada ya karibu dakika nzima akakiri hawezi kuikumbuka, akamalizia na "lo!" ndogo ambayo Wamarekani hawajaisahau hadi leo. Ilikuwa Wizara ya Nishati, ambayo mwaka 2017 alikuja kuiongoza.

Kusahau si dhambi. Kila aliyewahi kusimama mbele ya watu amesahau. Lakini Perry alikuwa tayari anasemwa kwamba ni mzito wa kufikiri, na Rubio alikuwa tayari anasemwa kwamba ni kijana aliyefundishwa maneno. Kosa huua linapothibitisha mnong'ono uliokuwapo. Biden mwaka 2019 alikuwa akijikwaa karibu kila mdahalo, na Septemba, mjini Houston, mtia nia mwenzake Julián Castro alimuuliza mbele ya watu wote kama amesahau alichosema dakika mbili zilizopita. Mnong'ono kuhusu umri wa Biden ulikuwapo, tena mkubwa. Aliyeumia siku ile ni Castro. Watazamaji waliona mtoto anamkosea mzee adabu, na Castro akaanza kueleza badala ya kushambulia. Nafikiri tofauti iko katika nani anayeufichua mnong'ono: mtu akijiumbua mwenyewe watu huamini, akiumbuliwa kwa ukali huruma huhamia kwake.

Sasa tuje kwa tukio ambalo kwangu ndilo linalofundisha zaidi. Usiku wa pili wa Miami, Kamala Harris alimgeukia Biden na kusema haamini kwamba Biden ni mbaguzi, lakini aliumizwa kumsikia akizungumza kwa heshima juu ya maseneta waliojenga sifa zao kwa ubaguzi wa rangi, na kwamba Biden alishirikiana nao kupinga mabasi ya kuwapeleka watoto weusi na weupe katika shule moja. Kisha akasema kulikuwa na msichana mdogo California aliyekuwa katika kundi la pili la kuunganisha shule za mji wake, akisafirishwa kwa basi kila siku. Msichana huyo, akasema, alikuwa yeye.

Kila kitu kilikuwamo: kisa chake mwenyewe, historia ya nchi, na mpinzani aliyekuwa juu kabisa. Biden alijitetea kwa maneno ya kisheria, kisha akajikatiza, akisema muda wake umekwisha. Fulana zenye picha ya Harris akiwa mtoto zikaanza kuuzwa mtandaoni. Alipanda kwenye utafiti wa maoni kwa kasi, Biden akashuka.

Halafu watu wakauliza swali la pili, lile ambalo jukwaa halikuwa na muda nalo. Je, wewe leo ungelazimisha mabasi hayo? Jibu la Harris siku zilizofuata halikuwa mbali sana na msimamo wa Biden. Mwezi mmoja baadaye, Detroit, mtia nia mwingine, Tulsi Gabbard, alichimbua rekodi ya Harris ya kuwa mwendesha mashtaka California, na Harris aliyekuwa mkali Miami akajibu kwa kigugumizi. Tarehe 3 Desemba alijitoa, kabla ya kura hata moja kupigwa. Agosti iliyofuata Biden alimteua kuwa mgombea mwenza.

Linganisha na Amy Klobuchar, seneta wa Minnesota. Tarehe 7 Februari 2020, katika chuo kilekile cha Saint Anselm, alikuwa na usiku wake bora kuliko zote. Siku nne baadaye alishika nafasi ya tatu New Hampshire kwa karibu asilimia 20. Hakuwa na kisa kikali kama cha Harris. Alichokuwa nacho ni kalenda: watu walimwona Ijumaa, wakapiga kura Jumanne, na hapakuwa na muda wa swali la pili kuulizwa. Lilipokuja kuulizwa Nevada na South Carolina, hakuwa na fedha wala watu wa kumjibia, na tarehe 2 Machi akajitoa. Nuru ya jukwaani haidumu zaidi ya siku chache bila ofisi majimboni, watu wa kugonga milango na akiba ya fedha.

Mikono juu

Kuna kitu kimoja katika midahalo hii ninachokichukia, nacho ni swali la kuinua mkono. Msimamizi ana watu kumi na dakika chache, kwa hiyo anawaambia: nani anakubali jambo fulani, ainue mkono. Mambo yanayohitaji nusu saa yanageuzwa kuwa ndiyo au hapana, na picha inayobaki ni ya kudumu.

Miami waliulizwa nani angefuta bima binafsi za afya. Harris aliinua mkono, na kesho yake akasema hakulielewa swali. Usiku huohuo waliulizwa kama mipango yao ya afya ingewahudumia wahamiaji wasio na vibali, na mikono yote kumi ikapanda. Wengine walikuwa na maelezo marefu ya kwa nini, na baadhi ya maelezo hayo yalikuwa mazuri. Picha haina maelezo. Trump aliitumia dhidi yao kabla mdahalo haujaisha.

Yeye mwenyewe alijua nguvu ya mkono. Tarehe 6 Agosti 2015, Cleveland, swali la kwanza kabisa la usiku lilikuwa hilo: yupo yeyote asiyekuwa tayari kuahidi kumuunga mkono atakayeteuliwa? Ukainuka mkono mmoja, wa Trump. Ukumbi ukazomea. Watu wapatao milioni 24 walikuwa wakitazama, na kabla hajaulizwa lolote kuhusu sera walishajua ni nani hafanani na wenzake. Wale tisa, wakiwamo magavana na maseneta wenye rekodi za miaka, walikuwa wamesimama mikono chini, wote wakitoa jibu moja.

Miaka minane baadaye, tarehe 23 Agosti 2023, wanane walisimama katika ukumbi wa Fiserv Forum, Milwaukee. Trump hakuja. Alikuwa akiongoza kwa mbali, na mazungumzo aliyorekodi na mtangazaji Tucker Carlson yalikuwa yakionyeshwa mtandaoni saa hizohizo. Msimamizi, Bret Baier, mmoja wa waliokuwapo Cleveland, akauliza nani angemuunga mkono Trump akiteuliwa hata kama mahakama ingemtia hatiani. Mikono sita ikapanda. Ron DeSantis, Gavana wa Florida wakati huo, alitazama huku na huku kwanza, kisha wake nao ukapanda.

Mahakama ya New York ilimtia hatiani Mei 2024. Julai mwaka huo, katika ukumbi uleule wa Milwaukee, chama kikamteua. DeSantis, Haley, Ramaswamy, Burgum na Tim Scott, watano kati ya wale wanane, walipanda tena jukwaani kila mmoja kwa zamu yake, safari hii wakimwombea kura.